Hesabu Chipu Kabla ya Kusoma Bandiko

Habari za jioni, mafundi na wakusanyaji. Karibuni. Naomba kila mmoja atoe kalamu, maana leo kuna kuzidisha na kugawanya, na sitaki mtu anitoroke.

Nina jambo moja ambalo nimelisema sana na nitalisema tena: acheni kuulizana kama kaseti ya mchezo wa video ni halisi kwa kutumiana picha za bandiko. Bandiko huchapishwa kwa dakika chache. Ganda nalo si ushahidi, kwa sababu mtu huchukua ganda halisi la mchezo wa bei ndogo, akatoa bodi zake, yaani vibao vya saketi vinavyobeba chipu, akapachika bodi feki za mchezo ghali. Ukweli wa kaseti uko ndani, kwenye bodi, na unahesabika.

Nitabaki kwenye Neo Geo MVS, mashine ya michezo ya video ya kulipia kwa sarafu ya kampuni ya SNK, iliyotoka Japani mwaka 1990. Mnaijua, siielezi zaidi. Nakumbusha tu kwamba kaseti yake ina bodi mbili. Bodi ya PROG inabeba chipu za P, yaani programu inayoendeshwa na prosesa ya 68000, na za V, yaani sauti zilizorekodiwa zinazopigwa na chipu ya sauti YM2610. Bodi ya CHA inabeba chipu za C zenye picha, S yenye maandishi na alama za juu ya skrini, na M1 ambayo ni programu ya Z80, prosesa ya upande wa sauti. Asiyezijua herufi hizi tano hawezi kukagua kaseti, atabaki kukagua bandiko.

Sasa tuchukue mchezo wa The King of Fighters '98, kwa kifupi KOF '98. Tangazo lake linasema mega 683. Mega hizo ni megabiti, si megabaiti! Gawanya kwa nane ndipo upate megabaiti. Kati ya hizo 683, picha peke yake ni megabiti 512 na sauti ni 128. Hapo ni 640. Zile 43 zilizobaki ni za P, S na M1. Kwenye bodi halisi, megabiti 512 za picha zimegawanywa kwenye chipu nane, C1 hadi C8, kila moja megabiti 64. Sauti ziko kwenye chipu nne za megabiti 32.

Jiweke kwenye nafasi ya mghushi. Yeye haagizi chipu kiwandani, ananunua chipu tupu dukani na kuziandika mwenyewe. EPROM ni chipu ya kumbukumbu unayoiandika mwenyewe na inayofutika kwa mwanga kupitia kidirisha chake cha kioo. Kubwa aliyoizoea ni 27C322, yenye miguu 42 na megabiti 32. Kwa megabiti 512 atahitaji ngapi? Kumi na sita. Akitumia 27C160 ya megabiti 16, atahitaji thelathini na mbili. Atazibandika wapi, na nafasi ni nane? Kwa hiyo ukifungua bodi ya picha ya mchezo huu ukakuta msongamano wa chipu kumi na sita zenye vidirisha vya kioo, huna haja ya kuuliza bandiko lilichapishwa wapi.

Najua mtu anasema moyoni: mghushi mjanja ataweka flashi, yaani chipu zinazoandikwa na kufutwa kwa umeme, nane za megabiti 64, na hesabu itatimia. Kweli, itatimia. Lakini hapo ametumbukia shimo jingine. Flashi ya ukubwa huo kwa kawaida ni ya volti 3.3, na MVS huipa kaseti volti 5. Lazima apunguze umeme. Tafuta basi kidude cha miguu mitatu cha kushusha volti, au dayodi mbili zilizofuatana. Kila dayodi hula kama volti 0.7, hivyo 5 hushuka hadi 3.6 hivi. Kaseti halisi ya mchezo huu haina kitu hicho, chipu zake zote hula volti 5 moja kwa moja. Angalia na miguu: flashi nyembamba huwa na miguu yenye nafasi ya nusu milimita kati ya mmoja na mwingine, wakati chipu ndefu za miguu 42 zina milimita 2.54. Huhitaji darubini kuona tofauti hiyo.

Na hapa nimjibu yule anayesema kila mara, "Lakini si inacheza?" Inacheza, ndiyo. Tuone inavyocheza. Mghushi ameshusha umeme wa chipu hadi 3.3, lakini nyaya za anwani bado zinatoka kwenye mashine zikiwa na 5. Chipu nyingi za aina hiyo zinavumilia kwenye mguu wa kuingizia takriban nusu volti tu juu ya umeme zinaolishwa. Kinachozidi kinapenya kwenye dayodi za kinga zilizo ndani ya chipu, chipu inapata moto, na siku moja inaanza kusoma anwani mbovu. Dawa yake inajulikana: kuweka katikati chipu ya kutafsiri volti, kama zile za jamii ya 74LVC245 zinazopokea 5 bila kuumia. Ni gharama ndogo, lakini mghushi hukwepa hata hiyo. Hukwepa pia kapasita za maikrofaradi 0.1 zinazopaswa kukaa kando ya kila chipu, na ukingo wa bodi hauchongi mshazari. Ukingo usiochongwa unakwaruza na kukunja pini za soketi ya mashine yako. Kwenye bodi mama ya soketi nne, kaseti moja ya namna hiyo inakuachia tatu.

Pingamizi la pili, ambalo ndilo linaharibu kaseti nzuri kuliko yote: "Nimeona EPROM, basi ni feki." Hapana! Kaseti halisi za SNK zipo zenye EPROM kwenye nafasi ya programu, na bodi kadhaa za PROG zimechapishwa kabisa maneno EP1 na EP2 kwa kazi hiyo. Fikiria sababu. Chipu ya kiwandani inaagizwa kwa wingi, na data yake inachorwa kwenye silikoni yenyewe wakati wa kutengenezwa. Ukikuta kosa la programu baada ya kuagiza, umeshachelewa. Kwa hiyo programu, ambayo ni ndogo na husahihishwa hadi dakika ya mwisho, inaweza kuwekwa kwenye EPROM. Picha ni kubwa na zimekwisha kukamilika, hizo huenda kiwandani. EPROM kwenye P ni jambo la kawaida. EPROM kwenye C ndiyo inayotaka maelezo. Kaseti za majaribio za watengenezaji zinaweza kuwa na EPROM kila mahali, lakini anayekuuzia ya namna hiyo alete ushahidi wa ziada, asikuletee simulizi.

Kuna michezo ambayo hesabu haitakuokoa. Metal Slug ya 1996 ina chipu nne tu za picha, kila moja megabiti 32, na 27C322 nne zinatosha kabisa. Hapo unaiangalia chipu yenyewe. Chipu ya kiwandani ina uso mzima usio na kidirisha, na kwa kawaida imechapwa namba ya mchezo pamoja na nafasi: 201-C1 kwa Metal Slug, 242-C1 kwa KOF '98. Jihadharini na EPROM za kuandikwa mara moja. Ndani ni EPROM ileile, ila imefungwa kwenye plastiki isiyo na kidirisha, na kwa mbali inafanana na ya kiwandani. Maandishi yake huwa na 27C. Ukikuta uso umepigwa msasa hadi maandishi yamefutika, aliyefanya hivyo alikuwa na sababu. Soma pia tarehe: tarakimu nne kama 9834 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 1998.

EPROM inapozeeka utaiona kwenye skrini, na hili nataka mlione vizuri. Kila nukta ya picha ina biti nne. Chipu ya C yenye namba witiri hutoa mbili za chini, yenye namba shufwa hutoa mbili za juu. Ndiyo maana zinakwenda jozi, C1 na C2, C3 na C4. Biti ya EPROM inayopoteza chaji husomeka kama 1. Tuseme bandiko la kidirisha cha C2 limebanduka na chipu imefutika yote. Rangi namba 0 ndiyo inayopaswa kuwa wazi, isionekane. Sasa biti mbili za juu zimekwama kwenye 1, na nafasi zilizokuwa wazi zinageuka rangi namba 12. Matokeo yake mpiganaji anatembea akiwa ndani ya sanduku la rangi moja, na mwili wake una rangi zisizo zake ingawa umbo ni sahihi. Ukiona sanduku hilo, usikimbilie kubadilisha bodi mama. Fungua CHA uangalie chipu za namba shufwa. Ikiwa kufutika ndiko kumeanza tu, utaona nukta zisizo na mpangilio badala ya sanduku zima.

Na kufutika si hadithi. Mwanga wa urujuanimno wa nanomita 253.7 unaifuta EPROM kwa dakika 15 hadi 20. Jua la moja kwa moja, kwa mujibu wa watengenezaji wa chipu hizi, linaweza kuifuta kwa takriban wiki moja, na taa za mirija za chumbani kwa takriban miaka mitatu. Funikeni vidirisha, hata vya kaseti feki mnazozitumia. Chipu ya kiwandani haina chaji ya kuvuja, hivyo mwanga hauigusi. Ikifa, mara nyingi ni kwa kutu ya miguu, au mtu aliyechomoa kaseti umeme ukiwaka.

Muda unanibana, nipite haraka. Kuanzia KOF '99, picha zilifichwa kwa msimbo unaofunguliwa na chipu ya NEO-CMC, na data ya S ikahamishiwa ndani ya chipu za C. Maana yake bodi halisi ya mchezo wa Garou au Metal Slug 3 haina chipu ya S1. Mghushi huweka data iliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo analazimika kuongeza S1. Ukiiona S1 kwenye Metal Slug 3, na NEO-CMC haipo, rudisha kaseti udai pesa yako. Hiyo ni sekunde tano za kuangalia.

Majina nayo: SNK haikutengeneza Metal Slug 6 ya MVS. Mchezo wenye jina hilo ulitoka 2006 kwenye mashine nyingine, Atomiswave. Kaseti ya MVS yenye jina hilo ni ya kughushi hata ingekuwa na bandiko la dhahabu. Hali ni hiyohiyo kwa KOF 10th Anniversary, ambayo ni KOF 2002 iliyochezewa.

Kusoma chipu kwa programa, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, na kulinganisha CRC32, namba ya kuhakiki data, nilikuwa nimekuandalieni sehemu nzima, itabidi isubiri. Nitaje tu kosa moja: msinyofoe chipu za kaseti nzuri kwa ajili ya kutafuta CRC. Njia za shaba kwenye bodi hizi hubanduka zikipata moto mwingi, na utakuwa umeiharibu kaseti halisi ili kuthibitisha kuwa ilikuwa halisi.

Hapa mezani kuna bodi tatu za CHA, zimefunikwa majina. Mojawapo ni ya KOF '98 na moja ni ya Metal Slug 3. Njooni watano watano, mguse kwanza chuma cha meza kutoa umeme tuli, kisha mhesabu.