Ardhi Moja, Vipimo Viwili: Kupata Mlinganyo Kutoka Kwenye Umbo

Ndugu walimu wenzangu na wanafunzi,

Mwanafunzi anayekwama kwenye swali la jiometri lililoandikwa kwa maneno mara nyingi hakwami katika kukokotoa; hukwama mapema zaidi, kwa kuwa hajaona ni kitu gani kilicho sawa na kipi. Nitachukua swali moja tu, ambalo Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliwawekea wasomaji wake wa aljebra: kiwanja cha pembetatu kina pande mbili zenye dhiraa 10 kila mmoja na kitako cha dhiraa 12, na ndani yake umo mraba uliokaa juu ya kitako hicho, ukizigusa zile pande mbili. Upande wa mraba ni dhiraa ngapi?

Tuchore kwanza. Tukishusha kimo kutoka kileleni, kitako kinagawanyika 6 na 6, na kwa kanuni ya Pythagoras kimo ni 8, maana 100 ukitoa 36 inabaki 64. Kiwanja kizima, basi, kina eneo la 48. Upande wa mraba tuuite x. Wala tusiandike "x ni mraba", kosa ninalolikuta katika madaftari mengi na linaloniuma, kwani x ni idadi ya dhiraa, si umbo.

Sasa tulipime eneo lile lile kipande kwa kipande. Mraba una x². Pembetatu mbili za pembeni zina kimo x, na vitako vyao kwa jumla ni 12 − x, hivyo kwa pamoja zina 6x − x²/2. Pembetatu ya juu imekaa juu ya mraba, kwa hiyo kitako chake ni x na kimo chake ni kilichosalia, 8 − x. Eneo lake ni 4x − x²/2. Hapa ndipo mlinganyo unapozaliwa, bila kubahatisha, kwa sababu ardhi ni moja iliyopimwa mara mbili:

x² + 6x − x²/2 + 4x − x²/2 = 48

Vipeo vya pili vyote vinafutana, inabaki 10x = 48, na x ni dhiraa 4.8.

Tuhakiki: pembetatu ya juu ina kitako 4.8 na kimo 3.2, na 4.8 kwa 3.2 ni uwiano ule ule wa 12 kwa 8.