Chupa Mbili za Rangi na Maji ya Chini ya Meru

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Leo tuzungumzie mtambo wa kusafisha maji unaofanya kazi kama hivi nitakavyowaonyesha.

Chupa hizi mbili zina rangi ileile ya nguo, ya bluu. Moja nimeichanganya na maji yaliyotoneshwa, haya mnayonunua ya kuongezea betri. Nyingine ni maji ya kisima cha huku kwetu Arusha. Kila moja naitilia tone la asidi, chumvi ya chuma kidogo, na ile dawa inayotoa povu nesi akisafisha kidonda: haidrojeni peroksaidi. Tuziache hapo kwanza.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwingereza Henry Fenton aliliandika mwaka 1894. Chuma huivunja peroksaidi, ikazaliwa radikali ya haidroksili, kitu chenye njaa ya elektroni kisichoishi hata kufumba na kufumbua. Taa ya urujuanimno nayo huweza kuizalisha. Kwa kunyang'anya elektroni ina takriban volti 2.8, wakati klorini ya kwenye bomba ina 1.36. Kwa hiyo dawa ya wadudu inayoishinda klorini, hii huirarua vipande hadi ibaki hasa hewa ukaa na maji. Ukiikatisha njiani, lakini, vile vipande vinaweza kuwa na sumu kuliko dawa yenyewe. Wauza mitambo hapo huwa wanapita haraka haraka.

Mama mmoja kaniuliza mlangoni: je, mtambo huu utaondoa floraidi, wajukuu waache kuwa na meno ya kahawia? Hapana, mama. Florini ndiyo baba lao, volti 2.87. Elektroni ikishaishika inakuwa floraidi, na hata radikali yetu haimpokonyi. Kuchemsha nako kunazidisha, maana maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kwa floraidi rudini kwenye mkaa wa mifupa, kama wanavyofanya kwenye kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto.

Na kuna la pili. Miamba ya volkano inayotupa floraidi ndiyo hiyohiyo inayotupa bikaboneti, ndugu yake magadi tunayotia kwenye makande. Bikaboneti inazila radikali kabla hazijafika kwenye uchafu. Isitoshe, njia ya Fenton inataka maji makali, yaani yenye asidi, pH karibu 3. Magadi yanaivuta juu, chuma kinageuka tope la kutu. Utamwaga asidi, kisha chokaa ya kuipoza asidi, kisha utafute pa kutupa tope. Wa taa naye ahesabu umeme wa Luku.

Mimi nisingeufunga kwenye kisima cha kijiji. Ningeufunga pale uchafu ulipo mwingi na maji ni machache: mapipa ya kusuuzia bomba za kupulizia kahawa, beseni za batiki, maji ya maabara ya hospitali, kabla hayajakutana na mto.

Haya, tazameni chupa. Ya betri imeshakuwa nyeupe. Ya kwetu bado bluu, na kutu imetuama chini.