Gofu Hupotea Njiani

Kapteni wa klabu, wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi makedi, wabeba mabegi ya wachezaji, mliosimama pale mlangoni kana kwamba viti vina wenyewe: hamjambo? Ingieni, nafasi ipo. Mvua ya Kisumu ikianza kupiga mabati haya hamtanisikia kutoka huko, na nusu ya nitakayosema jioni hii nilifundishwa na watu wa kazi yenu.

Nimeombwa nizungumzie upande wa akili katika gofu, na kocha anaingilia wapi. Nianze na hesabu ndogo. Mtu anayemaliza mashimo 18 kwa mapigo 90, kila pigo, tangu fimbo irudi nyuma hadi mpira uondoke, humchukua kama sekunde moja na nusu. Zidisha. Ni dakika mbili na robo. Lakini mchezo mzima unakula saa nne, na zaidi kama mbele yenu kuna wale jamaa wanaopiga mpira kisha wanafanya mkutano. (Mnacheka, lakini mnawajua. Wengine wamo humu.) Sasa muda huo mwingine wote tunafanya nini? Tunatembea. Tunangoja. Tunatafuta mpira kwenye nyasi. Na akili, kwa muda wote huo, haina kazi.

Mkimbiaji wa Kaptagat hana shida hii. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mguu na akili vilikuwa kazini pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mcheza gofu hupiga, kisha huachiwa dakika tano za kujihukumu, halafu anatakiwa apige tena akiwa mtulivu. Ndiyo maana mteja mpya akinijia, mimi simtazami akipiga. Namtazama akitembea.

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara, handikapu yake (mapigo ya ziada anayoruhusiwa; yakipungua, mchezo umepanda) 18. Alikuja kwangu akisema mikono inamsaliti. Nikamwambia, mzee wangu, tucheze mashimo tisa na mimi sitasema neno. Kabla hatujaanza, kedi wake alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kocha, huyu mzee akianza kunitangulia, ujue mchezo umeisha. Mimi hupunguza mwendo, nisikutane na uso wake."

Hadi shimo la pili walitembea bega kwa bega. Shimo la tatu mpira ukaingia kwenye mchanga. Pigo la kwanza, mpira ukabaki humo humo. La pili ukatoka, ukavuka grini, zile nyasi fupi zenye shimo, ukateremka upande wa pili. Alipomaliza shimo hilo alimkabidhi kedi fimbo bila kumtazama, mkono tu ukanyooshwa nyuma, akaondoka. Nikaanza kuhesabu hatua. Kedi alikuwa nyuma yake hatua nane, begi likimgonga mgongoni, anakaribia kukimbia. Mzee alifika kwenye tii inayofuata, pale pa kuanzia shimo, bado amevaa glavu, kiganja kinafumba na kufumbua. Akachomeka mpira, akapiga. Hata hakungoja draiva, fimbo ya kupiga mbali, ifunuliwe vizuri. Kifuniko kilianguka kwenye nyasi na kedi akakiokota huku mpira ukiingia mitini.

Ukimuuliza, atakwambia alikosea pigo la tii. Mimi nilimwona akilikosea hatua sitini kabla ya hapo.

Sikumgusa mikono. Nilimpa kazi moja tu: glavu. Ukiwa bado umeivaa, una ruhusa ya kulalamika, kumlaumu aliyekata nyasi, kuulaumu upepo wa ziwa, hata kutukana kimoyomoyo. Ukiivua, pigo limekwisha, na neno la kwanza utakalomwambia kedi lisihusu gofu. Wiki ya kwanza aliuona ni mchezo wa watoto. Wiki ya tatu akaniambia kwa mshangao kwamba kedi aliyembebea begi miaka sita ana binti kidato cha pili anayesoma Kakamega, na kwamba anafuga kuku wa mayai. Sitawadanganya kwamba handikapu ilishuka hadi 10. Baada ya miezi minne ilikuwa 16. Lakini zile kadi zenye mapigo tisa na kumi kwenye shimo moja zilipungua sana, kwa sababu kosa moja lilikuwa limeacha kuzaa.

 Wale mliokesha Aprili ya 2025 mkitazama Masters, yale mashindano makubwa ya Augusta, Marekani, mtakumbuka Rory McIlroy. Ilikuwa mara yake ya 17 kucheza Augusta. Mwaka 2011 aliingia siku ya mwisho hapo hapo akiongoza kwa mapigo manne, akapiga mapigo 80, dunia nzima ikamwona akianguka. Safari hii, shimo la mwisho, mpira wa futi tano hivi ungempa ushindi. Akaukosa. Ikabidi warudi kwenye tii ya 18 kushindana upya na Justin Rose.

Mimi kilichonivutia si pigo alilopiga baadaye. Ni njia ya kurudi kwenye tii. Ana kedi wake, Harry Diamond, rafiki yake wa tangu utotoni. McIlroy mwenyewe alisimulia kwamba Diamond alimwambia njiani kitu kama hiki: Jumatatu asubuhi tungepewa nafasi hii, tungeipokea. Basi. Hakumwambia inua bega, hakumwambia tulia, wala hakutaja mpira uliokoswa. Alimhamisha kutoka kwenye alichopoteza dakika tano nyuma, akamweka mahali ambapo bado alikuwa na bahati. McIlroy akashinda kwenye shimo la kwanza la mchujo. Makedi, mnanisikia?

Na hapa kuna jambo la sheria ambalo wateja wengi hawalifikirii. Wakati wa mashindano ya kuhesabu mapigo, ukimwomba ushauri mtu asiye kedi wako, au asiye mwenza mnayecheza upande mmoja (au kedi wake), unaadhibiwa mapigo mawili. Kwa hiyo kocha, hata umlipe kiasi gani, siku yenyewe hawezi kukunong'oneza. Kazi yake imekwisha kabla hujafika kwenye tii ya kwanza. Anayebaki na wewe njiani ni yule mliyembebesha begi. Ndiyo maana sikubali kumfundisha mtu upande wa akili kama kedi wake hayupo kwenye kikao.

Nami nisijifanye nilizaliwa najua. Nikiwa kijana nilicheza Nakuru, kwenye uwanja ule ulio juu, Menengai imekukalia mgongoni. Nilihitaji kumaliza shimo la mwisho salama, nikabakiwa na futi tatu. Futi tatu! Mpira ambao mtoto angesukuma kwa mguu. Nikaanza kuwaza kifundo cha mkono. Je, kimelegea? Nimekikaza mno? Mpira ukazunguka ukingo, ukatoka, ukakaa hapo ukinitazama. Kwa mwaka mzima nilizilaumu nyasi. Kocha wangu wa wakati huo alinisikiliza siku moja hadi mwisho, kisha akasema: "Nilikuona ukitoka kwenye tii. Ulikuwa tayari unapeana mikono na watu." Nilikasirika. Alikuwa amesema kweli.

Kuhusu kuwaza mkono wakati wa kupiga, wenzetu wa saikolojia wamechunguza jambo la namna hiyo. Sian Beilock na wenzake, Marekani, waliwapima wachezaji wazoefu wakisukuma mpira kwenye grini. Walipoambiwa wafuatilie mwendo wa fimbo yao wenyewe, walifanya vibaya kuliko walipopewa kazi nyingine pembeni, kama kusikiliza sauti fulani. Mwili ulikuwa unajua. Akili ikaja kusimamia kazi isiyoijua. Ni kama kushuka ngazi huku unafikiria kila goti. Lakini, na hili makocha wengi hulificha kwa sababu linapunguza wateja, kwa anayeanza ni kinyume. Yeye anapaswa kufikiria mikono yake. Kwa hiyo ukiwa na miezi mitatu katika gofu, usije kwangu. Nenda kajifunze kushika fimbo.

Daniel Wegner naye, mwanasaikolojia mwingine, mwaka 1998 aliwaambia watu wasiupige mpira ukavuka lengo, na wengine akawapa tarakimu sita za kukariri huku wakipiga. Hao waliolemewa ndio waliovusha zaidi. Ukijiambia "si kwenye maji," akili imesikia maji.

Na sisi wa hapa tuna mfano wetu. Kuna kadi ya zamani ya Nyanza Club, ya miaka ya 1950, ambayo wapenda gofu wanainukuu duniani kote: mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha, angusha mwingine mahali salama, usisogelee shimo, hakuna adhabu. Wageni huicheka. Mimi naiona ni sheria yenye busara kuliko zote, kwa sababu ilimpa mtu mwenye hofu kitu cha kufanya. Haikumwambia usiogope kiboko. Hofu ipewe kazi: chagua jani moja mbele ya mpira, au alama moja kwenye mpira wenyewe, uangalie hapo hadi upige. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary aligundua kwamba wanaosukuma vizuri huyatuliza macho kwenye mpira sekunde mbili hadi tatu. Wanaokosa, macho yanarukaruka kama ndege kwenye mahindi.

Ila tusigeuze kila kosa kuwa la akili. Kila mwaka watu wa Kisumu hupanda Nakuru kucheza, wanavusha grini mara tatu, wanarudi wakisema wamepoteza utulivu. Hamjapoteza chochote. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, sisi hapa 1,130 hivi. Hewa kule ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi. Badilisha fimbo, usibadilishe roho.

Hali kadhalika matarajio. Nani hapa hukasirika akikosa kuingiza mpira wa futi nane? Inueni mikono bila aibu. Karibu wote. Wachezaji wa kulipwa wa ziara kubwa ya Marekani, wanaoamka na kulala kwenye grini, futi nane huingiza kama nusu tu. Nusu! Wewe mwenye handikapu 20, uliyetoka ofisini saa tisa, unarusha putta, fimbo ya kusukumia kwenye grini, kwa sababu gani? Nimewahi kuandika takwimu hiyo kwenye karatasi, nikamwambia mteja aibandike ndani ya begi. Ilimsaidia kuliko vikao viwili vyangu, na nilimtoza pesa za vikao vyote viwili.

Mazoezi yenyewe basi. Watu husukuma mipira hamsini kwenye grini ya mazoezi huku wakipiga gumzo, kisha wanashangaa Jumamosi mikono inatetemeka. Umejizoeza bila gharama, ukaenda kucheza penye gharama. Mimi natumia mipira mitatu, futi nne, pande tatu za shimo. Ukikosa mmoja, unawanunulia makedi wote waliopo chai na mandazi. Nimeona mtu mwenye magari matatu jasho likimtoka kwa ajili ya mandazi. Kati ya mpira mmoja na mwingine lazima uzunguke grini mzima ukitembea polepole, glavu mfukoni. Mzunguko huo ndio zoezi, mpira ni kisingizio tu.

Mkitafuta kocha wa upande huu, muulizeni atakuja kutembea na nyinyi mashimo mangapi. Akisema kazi yake hufanyika ofisini, kwa maneno ya amini-unaweza, shikeni pesa zenu. Na akiona kwamba hulali, au gofu imekuwa mahali pa kukimbilia mambo mazito ya nyumbani, akupeleke kwa daktari. Hiyo si kazi ya mtu mwenye kofia na filimbi.

Naona mkono. Ndiyo, mzee, wewe wa makedi.

*(Aliuliza: na mchezaji asiyetaka kuongeleshwa kabisa, akikasirika kedi afanye nini?)*

Asante sana. Usimwongeleshe. Msogelee. Usibaki nyuma hatua nane kwa kuogopa uso wake. Tembea kando yake, mwendo wako wa kawaida, na usiuongeze hata akiuongeza. Begi liko kwako. Hawezi kupiga kabla hujafika.