Krimu Tupu Nayo Inatuliza: Dawa Mpya ya Pumu ya Ngozi Inavyopimwa

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Leo tumebeba swali moja tu: imetoka krimu mpya ya pumu ya ngozi, nitajuaje kama inafanya kazi kweli? Pumu ya ngozi, au ukurutu kama wengine wanavyouita, ni ule ugonjwa unaokaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, unawasha usiku mpaka shuka linapata matone ya damu. Unapoa, halafu unarudi. Kaka Kassim, tuanzie wapi?

KASSIM: Tuanze na krimu isiyo na dawa, dada Rehema, maana hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Ukiitoa dawa ndani ya krimu, ukabakiza maji, mafuta na vya kuyashikanisha, ukampa mgonjwa apake, bado wapo watakaopona. Chukua krisaboroli, marhamu ya asilimia 2 iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016. Majaribio yalikuwa mawili, watu zaidi ya 1,500 kwa jumla, kuanzia watoto wa miaka 2. Kwa kila wawili waliopewa dawa, mmoja alipewa marhamu tupu. Walipaka mara mbili kwa siku, siku 28. Katika jaribio la kwanza, waliofikia alama ya kusafika upande wa dawa ni asilimia 32.8. Upande wa marhamu tupu, asilimia 25.4.

REHEMA: Kwa hiyo faida ya dawa yenyewe ni pointi 7.4.

KASSIM: Hiyo hasa. La pili lilitoa 31.4 kwa 18.0. Dawa inafanya kazi, lakini anayesikia "theluthi moja wamepona" hajaelezwa kwamba wengi kati ya hao wangepata nafuu hiyo hiyo kwa marhamu tupu.

REHEMA: Na sababu zinaeleweka. Ngozi ya pumu inavuja, maji yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Ukiifunika kwa mafuta, maji yanabaki na muwasho unapungua. Halafu mtu hujiunga na jaribio ugonjwa ukiwa umepanda, na ugonjwa huu una tabia ya kushuka wenyewe. Tena akiwa ndani ya jaribio anapaka asubuhi na jioni bila kuruka, jambo ambalo nyumbani halifanyiki.

KASSIM: Ndiyo maana ukiona tangazo la krimu linalosema "watu kadhaa wametumia, asilimia 80 wamepata nafuu", uliza swali moja: waliopaka krimu tupu walikuwa asilimia ngapi? Kama kundi hilo halikuwepo, namba hiyo haikuambii kitu.

REHEMA: Kuna krimu ambazo tofauti yake ni kubwa zaidi.

KASSIM: Ipo ruksolitinibu ya asilimia 1.5, iliidhinishwa Marekani Septemba 2021 kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Wiki 8, mara mbili kwa siku. Waliosafika ni asilimia 53.8 dhidi ya 15.1 katika jaribio moja, na 51.3 dhidi ya 7.6 katika la pili. Ila msichukue ile 32.8 mkaiweka ubavuni mwa hii 53.8 mkasema moja ni bora kwa kiasi fulani. Umri tofauti, muda tofauti, wagonjwa tofauti. Kila dawa inapimwa na krimu tupu ya jaribio lake.

REHEMA: Na "kusafika" si neno la kukadiria. Daktari anatoa alama 0 mpaka 4. Ili uhesabiwe umefaulu lazima ufike 0 au 1, na uwe umeshuka angalau ngazi mbili. Aliyetoka 4 akafika 2 amepata nafuu kubwa, lakini kwenye hesabu hii hayumo.

KASSIM: Tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza ni kuacha dawa za zamani. Steroidi za kupaka, zile dawa za kushusha uvimbe kama betamethasoni na klobetasoli, kwa kawaida husimamishwa wiki moja au zaidi kabla. Usipofanya hivyo, wiki ya kwanza unaisifu krimu mpya kumbe inayotuliza ni betamethasoni ya juzi. Na kinyume chake kipo: mtu aliyezoea klobetasoli akiiacha ghafla, ngozi inalipuka, halafu krimu mpya inabebeshwa lawama.

REHEMA: Halafu kura. Kompyuta ndiyo inayogawa nani apate nini, na tyubu zote zinafanana rangi, harufu, hata zinavyoteleza kidoleni. Daktari hajui, mgonjwa hajui.

KASSIM: Hapo pana shimo moja. Dawa nyingine zinachoma zikipakwa. Krisaboroli ilisababisha maumivu mahali ilipopakwa kwa asilimia 4.4, marhamu tupu 1.2. Aliyechomwa anaweza kuhisi kwamba ndiye aliyepata dawa, na hisia hiyo ikaingia kwenye alama za muwasho anazoandika. Kwa hiyo anayepima ngozi asiwe yule anayepokea malalamiko ya kuchomwa.

REHEMA: Sasa vipimo vya kupaka, maana hapa ndipo majaribio mengi yanapovuja, na nyumbani vilevile. Kamua krimu kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo tuiite pingili moja. Kwa tyubu yenye mdomo wa milimita 5 ni kama gramu 0.5. Inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Na kiganja kimoja ni takriban asilimia 1 ya mwili.

KASSIM: Tupige hesabu. Mgonjwa ana eneo la viganja 6. Hizo ni pingili 3, yaani gramu 1.5 kila akipaka. Mara mbili kwa siku ni gramu 3, kwa wiki gramu 21, kwa wiki 8 gramu 168. Kama tyubu ni za gramu 30, anahitaji 6. Sasa anarudi kliniki ametumia gramu 60 tu. Huyo hajapaka hata nusu.

REHEMA: Ndiyo sababu tyubu zinapimwa zikitoka na zikirudi, kwenye mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Zipimwe na vifuniko vyake! Kifuniko kikipotea nyumbani, uzito unashuka na mtu anaonekana amepaka krimu ambayo hakuipaka. Halafu tyubu ya alumini iliyokunjwa toka mkiani bado ina krimu kwenye mikunjo. Anayepima kwa macho anadhani imekwisha, mzani unasema bado.

KASSIM: Na kosa lingine: sehemu ikishapoa, mtu anaacha kuipaka. Soma mwongozo. Mingi inataka uendelee na maeneo yote yaliyochorwa siku ya kwanza mpaka muda uishe, kwa sababu chini ya ngozi iliyolainika uvimbe bado upo.

REHEMA: Naomba nikae kidogo kwenye rangi ya ngozi, kwa sababu jambo hili linatuumiza sisi hasa. Kipimo kinachotumika sana, EASI, kinatoa 0 mpaka 72, na moja ya mambo manne kinayoyaangalia ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Unaona zambarau, kijivu, au weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani. Mpimaji aliyezoea ngozi nyeupe anaandika 1 mahali pa kuandika 3. Basi mgonjwa anaambiwa hali yake ni nafuu, pengine hata anakataliwa kuingia jaribioni.

KASSIM: Kwa hiyo mpimaji afanyeje?

REHEMA: Amsogeze mgonjwa dirishani, mwanga wa mchana, asitumie taa ya njano. Aunyooshe mkono mpaka mkunjo wa kiwiko ufunguke. Alinganishe sehemu inayowasha na ngozi nzima iliyo pembeni yake. Halafu apitishe mgongo wa vidole: pana joto? Pamevimba? Vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo vinapatikana kwa mguso kabla ya jicho, na ngozi iliyokunwa miaka mingi inakuwa nene, mistari yake imezama. Hayo yote yanahesabiwa. Doa jeusi lililolala bapa, laini, lisilowasha, halihesabiwi. Hilo ni baka lililoachwa, linaweza kukaa miezi. Mgonjwa akiliona anasema dawa imeshindwa, na si kweli.

KASSIM: Muwasho unapimwa na mgonjwa mwenyewe. Kila jioni saa ile ile, namba moja, 0 mpaka 10: muwasho mkali kuliko yote katika saa 24 zilizopita. Zinachukuliwa siku 7, wastani wake unalinganishwa na wa mwanzo, na kushuka pointi 4 ndiko kunakohesabiwa kuwa nafuu yenye maana. Asijaze wiki nzima Jumapili jioni. Namba za kukumbuka hufuata hali ya siku hiyo.

REHEMA: Aliye nyumbani hana haja ya EASI. Atumie maswali saba ya POEM, dodoso ambalo mgonjwa hulijaza mwenyewe. Wiki iliyopita, siku ngapi ngozi imewasha? Siku ngapi umekosa usingizi? Imetoa damu, imetoa majimaji, imepasuka, imebanduka, imekauka? Hakuna siku ni 0, siku 1 au 2 ni alama 1, siku 3 au 4 ni 2, siku 5 au 6 ni 3, kila siku ni 4. Jumla ya juu ni 28. Andika kabla ya kuanza, kisha kila wiki. Ikishuka 4 au zaidi, kuna jambo limetokea.

KASSIM: Kabla ya hapo, jaribu eneo dogo. Upande wa ndani wa mkono, pasipo na ugonjwa, duara la sarafu. Paka asubuhi na jioni, siku 7. Kuchoma kwa dakika chache kisha kukaisha ni kero tu. Vipele vinavyowasha, vinavyokaa na kutambaa nje ya duara, hiyo ni mzio. Acha. Na kwa wiki hizo usibadilishe sabuni wala mafuta ya kawaida, la sivyo hutajua kilichofanya kazi.

REHEMA: Na krimu ya "mitishamba" inayosafisha kila kitu kwa siku tatu?

KASSIM: Hiyo itilie shaka hapo hapo. Zipo zinazochanganywa klobetasoli bila kuandikwa. Dalili zake: ngozi inang'aa na kukonda, michirizi mapajani, chunusi usoni, rangi kufifia, na ukiacha tu muwasho unarudi mkali kuliko mwanzo. Jaribio la sarafu haliwezi kuigundua. Angalia orodha ya viungo na usajili. Kwa Tanzania, dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi viko TBS, shirika la viwango.

REHEMA: La mwisho, lenye haraka. Vikitokea vipele vingi vinavyofanana, vinauma kuliko kuwasha, kila kimoja kina kishimo katikati, na mtoto ana homa, hilo si suala la krimu tena. Ni virusi vya hepesi vimeingia kwenye ngozi iliyo wazi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, na ubebe tyubu pamoja na karatasi ya namba zako.