Isimu Inalipa Nini? Nawajibu Ndugu Zangu wa Kigoma kutoka Sydney

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Video hii nimeikwepa kwa muda mrefu, kwa sababu najua itakavyopokelewa: nikisema maisha yanakwenda, nitaambiwa ninaringa; nikisema yanabana, nitaambiwa nirudi Kasulu nikalime, kana kwamba kulima Kasulu ni adhabu. Lakini kila ninapopandisha video, hata iwe ya kupika ugali, swali la kwanza chini yake ni lile lile: kaka, hiyo isimu, yaani elimu ya lugha, uliyoisomea huko Australia inalipa nini, na mtu anavukaje bahari nzima kwenda kusomea maana ya maneno ambayo bibi yake anayajua bila cheti? Nitajibu mara hii moja, na atakayeuliza tena nitamwekea kiungo cha video hii. Sitazungumzia ndege, baridi wala upweke; hayo mmekwisha kuyasikia kwa kila mtu mwenye simu na dirisha la ghorofa nyuma yake.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaouliza malipo hawajajua kinacholipiwa. Mtu amekaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, anaitwa dirishani, anaambiwa: “Faili lako limepotea.” Sarufi tuliyofundishwa shuleni itakuonyesha kiima na kiarifu, itafunga daftari. Mwanaisimu amilifu, yaani anayechambua lugha kwa kazi inazofanya, ndipo anapoanza. Anauliza karani huyu alikuwa na njia gani nyingine za kulisema jambo lile lile, kwa nini amechagua hii, na uchaguzi wake umefanya kazi gani. Angesema “Tumelipoteza faili lako”, angekuwapo mtu wa kuwajibika. Angesema “Faili lako limepotezwa”, ungekuwa na haki ya kuuliza limepotezwa na nani. Kwa kusema limepotea, amelifanya faili liondoke lenyewe kwa miguu yake, na wewe unarudi nyumbani huna wa kumlaumu.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya lugha kwa mujibu wa nadharia ya isimu amilifu, yaani kueleza kinachotokea na nani anahusika. Kazi ya pili ni kujenga uhusiano: “Njoo kesho” na “Ungejaribu kupita kesho, mzee wangu” zote zinakuondoa dirishani, lakini ya pili inakuondoa ukiwa bado mtu mzima mwenye heshima zako. Kazi ya tatu ni kuupanga ujumbe. Ukifika nyumbani hutaanza na ofisi. Utasema “Lile faili, wamelipoteza”, kwa sababu faili ndilo wanalosubiri kusikia habari zake. Kishazi kimoja, yaani tungo yenye kitenzi kimoja, kinabeba kazi hizo tatu kwa pamoja, na mimi nimetumia miaka ya uzamivu, yaani PhD, kuzichambua katika mazungumzo ya Kiswahili na Kiha, lugha yetu ya Kigoma. Mtu akiona hilo ni jambo dogo, asubiri siku faili litakapokuwa lake.

Aliyeupa mpangilio huo sura tunayoitumia leo ni Michael Halliday, Mwingereza aliyezaliwa Leeds mwaka 1925, aliyesoma Kichina hadi Peking, akapata uzamivu wake Cambridge kwa tasnifu kuhusu lugha hiyo, na mwaka 1976 akaanzisha idara ya isimu katika Chuo Kikuu cha Sydney. Mke wake, Ruqaiya Hasan, mzaliwa wa India, alifundisha Chuo Kikuu cha Macquarie, hapa hapa Sydney, na kazi waliyoitoa pamoja mwaka huo huo wa 1976, inayohusu jinsi sentensi za matini moja, yaani andiko au mazungumzo kamili, zinavyoshikana, bado tunaisomesha. Halliday alifariki katika jiji hili mwaka 2018. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini sikwenda London kama watu wengine, sikuchagua Sydney kwa ajili ya ufukwe. Nadharia yangu ilikuwa na makao huku.

Sasa karatasi zilizotakiwa kabla sijaondoka. Jina la baba yangu kwenye cheti kimoja limeandikwa kwa l na kwenye kingine kwa r, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu aliandika alivyosikia. Herufi hiyo moja ilinipeleka kwa wakili kula kiapo, nikalipa. Kisha ikaonekana kiapo hakikutaja majina yote matatu, kikatakiwa kingine, nikalipa tena.

Halafu sisi wa mwisho wa reli tuna mtihani wetu, wa kuthibitisha kwamba sisi ni Watanzania, ambao mwenzetu wa Moshi au Tanga hajawahi kuusikia. Kwenye dirisha moja, la ofisi ambayo sitaitaja, niliulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, na kama kuna jirani mzee anayeweza kuja kuthibitisha. Baadaye nikatakiwa niseme maneno machache ya Kiha. Nikayasema. Yule bwana akatazamana na mwenzake, akasema, “Mbona hiki ni Kirundi?” Ndugu zangu, mwanaisimu Malcolm Guthrie alipoziainisha lugha za Kibantu aliviweka Kinyarwanda, Kirundi na Kiha katika kundi moja, D60, na lugha hizo zilikuwa za ukoo mmoja kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kufanana kwake ni jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa isimu angelitarajia, ila mbele ya dirisha lile likawa ushahidi dhidi yangu. Nilikuwa na mhadhara mzima mdomoni, nikaumeza, kwa sababu nilihitaji muhuri.

Mkivuka hapo mnafika kwenye viza, na hapa nawaomba wanaoandika kwamba huku ni kuvuka tu wasikilize vizuri. Ada ya maombi ya viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710 za Australia. Tarehe 1 Julai 2024 ikawa 1,600, na mwaka 2025, Julai tena, ikafika 2,000. Ukinyimwa viza, pesa hiyo kwa kawaida hairudi. Asiye na mfadhili anatakiwa aonyeshe, pamoja na ada ya chuo na nauli, dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Mei 2024. Kuna bima ya afya ya muda wote wa masomo, inayolipwa kabla hujafika. Kwa shilingi zetu fanyeni hesabu kwa bei ya siku mnayotazama, mimi sitaki kulaumiwa na benki. Na kwenye fomu kuna maswali ya kuthibitisha kwamba kweli wewe ni mwanafunzi, kila jibu lisizidi maneno 150 ya Kiingereza. Kumweleza ofisa asiyekujua, kwa maneno 150, kwa nini mtu mzima wa Kasulu anataka kuchambua vishazi, ni kazi ngumu kuliko sura yoyote ya tasnifu yangu.

Nije kwenye pesa inayoingia, maana ndiyo mnayoingojea. Mwanafunzi wa uzamivu aliyepata ufadhili wa serikali ya Australia hulipiwa ada na kupewa posho, ambayo kiwango chake cha msingi mwaka 2024 kilikuwa dola 32,192 kwa mwaka, bila kukatwa kodi ya mapato. Vyuo vingine huongeza juu yake. Gawanyeni kwa wiki, mtapata kama dola 619. Na tangu Julai mwaka huo kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa muda wote kilikuwa dola 915.90 kwa wiki, kabla ya kodi. Anayefagia ofisi yangu jioni alikuwa ananizidi kipato, na sisemi hivyo kwa kumdharau, kwani wapo wanafunzi wenzangu walioshika fagio hilo hilo. Ninachosema ni kwamba anayeona picha yangu nimesimama mbele ya jengo la mawe asidhani jengo lile linanilipa kwa kadiri ya mawe yake.

Baada ya shahada nilidhani, kama mnavyodhani, kwamba daktari wa falsafa anapewa ofisi na jina mlangoni. Ajira za kudumu katika isimu ni chache, na zinapotangazwa waombaji wanatoka dunia nzima. Wengi wetu tunafundisha kwa mikataba ya muda. Malipo ya semina moja, ukiyasikia kwa saa, yanavutia. Wapo ndugu waliosikia kiwango hicho wakazidisha kwa saa nane na siku tano, wakanipigia simu. Lakini malipo hayo yanahesabiwa kuwa ya saa moja ya darasani pamoja na saa mbili za maandalizi na shughuli zinazoambatana nazo, na hupati semina nane kwa siku, unapata mbili au tatu kwa wiki. Mihula ikiisha Novemba, malipo nayo yanaisha, hadi vyuo vifunguliwe mwishoni mwa Februari. Kodi ya chumba haina likizo.

Kazi zenye uhakika zaidi nimeziona pembeni ya idara za isimu kuliko ndani yake. Wafuasi wa Halliday hapa Sydney, akina Jim Martin na Joan Rothery, tangu miaka ya 1980 walifanya kazi na walimu wa shule za kawaida, wakichambua aina za matini ambazo mtoto anadaiwa kuziandika, kama vile ripoti, maelezo na hoja, kisha wakatengeneza njia ya kuzifundisha wazi wazi badala ya kumwachia mtoto azikisie. Kutokana na hilo kuna ajira katika mafunzo ya walimu na katika vitengo vya vyuo vinavyosaidia wanafunzi kuandika. Mimi nikiisoma kazi hiyo naiona shule yangu ya kata, ambako mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia kwa Kiingereza, anaambiwa aeleze, na hakuna aliyewahi kumwonyesha maelezo yanajengwaje. Kama mtu ananiuliza isimu amilifu ina faida gani Kigoma, ningeanzia hapo, ingawa hakuna aliyenitangazia nafasi ya kazi hiyo huko nyumbani.

Lipo jambo linaloniuma zaidi ya pesa, na hili waliopo vyuoni wataniunga mkono. Katika semina za huku mara nyingi watu hunigeukia pale tu panapotakiwa mfano wa Kibantu. Nikitoa mfano, unaandikwa. Nikitoa hoja kuhusu nadharia, natazamwa kwa upole na mazungumzo yanaendelea. Makala moja ilitoka ikiwa na mifano yangu ya Kiha, na jina langu likakaa kwenye shukrani, chini ya ukurasa. Sarufi ya Kiha ninayoitegemea zaidi iliandikwa na Lotta Harjula wa Ufini, ikachapishwa Köln mwaka 2004. Ni kazi nzuri na namshukuru, lakini mtafuteni mwanafunzi wa Kasulu mwenye uwezo wa kuinunua. Hata wazo la muktadha, ambalo nadharia yetu yote imesimama juu yake, mwanaisimu Firth wa London alilipata kwa mwanaanthropolojia Malinowski, na Malinowski alilieleza mwaka 1923 kwa mifano ya wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, waliokuwa wakiitana kazini. Majina ya wavuvi wale hatuyasomi popote. Kila nikiwasikia wavuvi wa Kibirizi, pale Kigoma, kwenye rekodi zangu, wakipokezana sauti wakati wa kutia nanga, nakumbuka hilo, na sitaki nyumbani kwetu kubaki mahali pa kuchota mifano.

Kwa anayetaka kujaribu, nitasema nilivyoona mimi, na ya mwingine huenda yakawa tofauti kabisa. Uzamivu wa Australia hauanzi na fomu, unaanza na msimamizi. Mwandikie mtu ambaye kazi zake umezisoma, umweleze swali lako la utafiti kwa ukurasa mmoja, kabla hujamlipa mtu yeyote. Mtu asiuze shamba kuja kusomea isimu kwa ada yake mwenyewe. Aliyevuka miaka 35 ajue kwamba tangu Julai 2024 viza ya kubaki baada ya masomo imefungwa kwa umri huo, isipokuwa kwa waliohitimu shahada za utafiti, ambao wameachiwa hadi 50, na mbali na hao wapo wachache wenye pasipoti za Hong Kong. Wakala anayewaahidi nafasi kwa haraka mimi simjui, na picha yangu anayoitumia hakuniomba.

Msinitumie picha za vyeti na namba zenu za NIDA kwenye ujumbe binafsi, siwezi kuzifanyia chochote. Na wale wa Kasulu mnaopita kumwuliza mama kwa nini nyumba haijapauliwa, nimeshaeleza kinachotokea kati ya Novemba na Februari. Mama hana fomu ya mshahara wangu. Niulizeni mimi hapo chini.