Sampu ya Datsun 1200 inavuja: tengeneza bolti kwanza

Karibuni tena, watazamaji. Leo tuko Nakuru, chini ya pikapu ya Datsun 1200. Sampu hii, yaani bakuli la oili chini ya injini, imepakwa silikoni mara kadhaa na bado inadondosha oili.

Weka gari juu ya stendi, usiamini jeki peke yake. Mwaga oili ingali vuguvugu, na uvae miwani, maana kutu na chembe za chuma zitaanguka usoni. Bolti za sampu ni M6, yaani unene wa milimita 6, spana namba 10. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Kichwa kikiwa kimelika, gongelea soketi ya inchi 3/8 yenye pembe sita. Ni ndogo kidogo kuliko milimita 10, kwa hivyo inang'ata.

Sasa tazameni hii iliyokatika. Kama kipande kingekuwa kimejitokeza tungechomelea nati juu yake, na joto lingelegeza kutu. Lakini hii imekatika sawasawa na uso wa bloku ya injini. Piga punchi katikati kabisa. Usiharakishe hapa, kwa sababu ukienda pembeni drili itakula bloku. Toboa kwa milimita 3, halafu 5. Ukibaki katikati, kinachosalia ni ganda jembamba la thredi, ile mifereji ya bolti: lichokoe kwa sindano, kisha pitisha tapu ya M6 (chombo cha kukata thredi) iliyopakwa grisi ili ikamate unga wa chuma. Ekstrakta ndogo, vyombo vya kung'olea bolti zilizokatika, hatuzipendi kwenye bolti nyembamba hivi. Ikikatikia ndani, ni ngumu kuliko drili yako.

Thredi za bloku zikiwa zimeisha, weka helikoili, springi ya waya inayokuwa thredi mpya: toboa milimita 6.3, tumia tapu ya helikoili yenyewe, kisha zungusha helikoili mpaka izame nusu thredi chini ya uso. Vunja kile kimkia cha helikoili kilicho chini na ukitoe kwa koleo nyembamba.

Wenye Land Rover za zamani, angalieni: thredi nyingi huko ni za inchi. Bolti ya M8 huanza kuingia kwenye tundu la 5/16 kwa sababu unene unakaribiana, halafu inararua kila kitu.

Turudi kwa sampu. Laza rula ya chuma kwenye ukingo, umulike tochi kwa nyuma. Mnaona mwanga kati ya matundu? Bolti zilikazwa kupita kiasi, bati likavimba kila penye tundu. Hapo ndipo oili inapita, na silikoni haiwezi kuziba hilo muda mrefu. Weka mbao ngumu chini ya ukingo, gonga kila tundu kwa nyundo ya kichwa cha duara mpaka rula ilale.

Futa pande zote kwa petroli. Gasketi ya korki iwekwe kavu. Silikoni ni tone dogo kwenye pembe nne tu. Ikizidi, inamenyeka kwa ndani na kuziba chujio la pampu ya oili, na bearingi zinakufa.

Kaza kuanzia katikati kwenda mwisho, mizunguko mitatu, ukishika racheti karibu na kichwa chake. Nm 6 hivi (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa. Kisumu itawahi, lakini Nakuru wakati wa kiangazi ngoja saa 24 kabla ya kumimina oili.

Washa injini dakika kumi, ukiwa umepaka poda ya mtoto ukingoni. Ukiona doa, lifuate kwenda juu kwanza: mara nyingi oili hutoka kwenye kava ya vali na kuteremka mpaka sampu.