Nimekatiza shamba la mtu na wazee wangu wa Kiingereza

Mambo vipi familia ya Dar! Na wazee wangu mnaonitazama kwenye simu za wajukuu, shikamooni. Mnaliona hili tope? Hapa ni Kent, kusini-mashariki mwa London, Desemba, na niko na kundi langu la wazee la matembezi ya miguu. Mimi ndiye kinda. Yule bibi wa kofia nyekundu kashapita 80, na ndiye mshika ramani.

Tumeanza saa nne. Mapema zaidi haiwezekani, maana siku za kazi kadi za wazee za kupanda basi bure zinaanza saa tatu na nusu asubuhi, na mzee wa huku halipi nauli kizembe. Kuchelewa nako hakufai, kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama. Jua lenyewe ndilo hilo, linawaka vizuri ila joto halina, kama taa ya friji.

Sasa lile swali lenu: mbona mnakatiza shamba la mtu? Sogeeni muone. Kwenye nguzo hii kuna mshale wa njano, yaani hii ni njia ya umma ya waenda kwa miguu. Ukiwa wa bluu, hata farasi anapita. Ardhi ni ya mwenye shamba, lakini njia haruhusiwi kuiziba. Na haikuja kirahisi. Aprili 1932 watu kwa mamia, wengi vijana wa viwandani Manchester, walipanda kwa makusudi Kinder Scout, mlima ambao wenye ardhi waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano wakafungwa jela. Sheria ya 1949 ndiyo ikazitaka halmashauri zichore njia za umma kwenye ramani. Mimi mtoto wa Mbagala, nimekulia kwenye vichochoro ambavyo jirani akijenga ukuta usiku, asubuhi mtaa mzima mnazunguka. Huu mshale umenigusa kuliko yale majumba ya kifalme mnayotaka niwaonyeshe.

Hebu ona hapa kwenye michongoma, sakitu imeganda juu ya kila mwiba. Na yule ndege mdogo wa kifua chekundu, baridi yote hii anaimba tu.

Mwendo wetu ni wa pole. Anayetembea taratibu kuliko wote ndiye anayepanga kasi, waliotangulia wanasubiri kila geti. Hapo ndipo stori zinapokolea: goti la nani limefanyiwa upasuaji, mjukuu wa nani kaoa. Mmoja, mjane, kaniambia wiki nzima anaongea na redio mpaka siku ya matembezi ifike. Mwisho wa njia kuna baa ya kijijini yenye supu. Msitamani, ni mboga zilizosagwa, utumbo na chapati hamna.

Dar jogging za Jumapili tunazo mtaa kwa mtaa, ila zile za vijana na filimbi. Mama yangu mdogo wa Temeke ana sukari, daktari kamwambia atembee, na anaona haya kutembea barabarani peke yake. Nyie wenye vikundi, ongezeni kundi la nyuma la mwendo wa pole, mwende hata msitu wa Pugu.

Haya, naitwa. Ngazi ya kuvukia uzio inateleza na babu mmoja anataka mkono. Nawakatia hapa.